Thoriamu na Chuma katika Picha za Matabibu

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kilipotokea kiwandani Ujerumani kile kilichoitwa Thorotrast, yaani chembe ndogo mno za oksidi ya thoriamu zilizochanganywa na maji, matabibu wa Ulaya na Marekani waliipokea kwa furaha, kwani ilidhihirisha mishipa ya damu kwenye picha za eksirei kwa uwazi ambao dawa za iodini hazikuufikia, wala mgonjwa hakupata maumivu. Egas Moniz wa Lisbon, aliyetangulia kupiga picha ya mishipa ya ubongo mwaka 1927, naye akaiacha iodini akaifuata Thorotrast.

Thoriamu hutoa mionzi, na jambo hilo halikuwa siri: mwaka 1932 chama cha matabibu wa Marekani kilikwisha kutoa hadhari. Haikusikizwa, maadamu madhara hayakuonekana siku ile wala mwaka ule. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipo asili ya msiba wote, kwamba salama ya dawa ilipimwa kwa saa chache za kitandani, ilhali chembe zile, zikiisha kumezwa na seli za ini, bandama na uboho wa mifupa, hazikutoka tena. Tabibu aliyempiga picha ya kawaida mtu aliyetiwa Thorotrast miaka 20 nyuma, bila kumtia dawa nyingine yoyote, aliliona ini na bandama vimeng'aa vyeupe. Na humo mionzi ilikuwa ingali ikiunguza nyama polepole, hata ikazaa saratani. Habari ya kwanza ya saratani hiyo ya ini iliandikwa mwaka 1947, na bado dawa ilitumika hadi miaka ya 1950.

Chembe za sumaku za oksidi ya chuma zilizokuja baadaye hufuata njia ile ile ya ini, na kuziogopa kungekuwa haki, lau chuma kingekuwa kigeni mwilini. Seli huzivunja, nacho chuma huingia katika akiba itengenezayo damu. Feridex, mojawapo ya dawa za chembe hizo, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, ililitia ini zima giza katika picha za MRI, uvimbe ukabaki na weupe wake; ila wagonjwa wengine walishikwa na maumivu ya mgongo ikiingia. Khatari iliyobaki ni ya dakika za mwanzo. Ferumoksitoli, dawa nyingine ya chembe hizo, iliyoruhusiwa mwaka 2009 kwa wenye upungufu wa damu na maradhi ya figo, kisha ikatumiwa na matabibu kwa picha pia, ilileta vifo vya mzio mkali, hata mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaamuru isidungwe kwa haraka, bali itiwe kwa dripu kwa dakika zisizopungua 15, na mgonjwa aangaliwe dakika 30 zaidi.