Majina ya Watoto Wakorofi

Kila kizazi kina neno lake la kumtaja mtoto asiyesikia. Wazee walisema mtukutu na mtundu. Mtukutu ni yule asiyetulia. Mtundu ni mwenye kugusa kila kitu, na hata fundi hodari husifiwa kuwa mtundu. Mtoto wa namna hiyo alichapwa, kisha alikula na kulala kwao. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa na neno lake: amri ya tarehe 6 Desemba 1950 iliwahesabu kuwa watoto wahalifu.

Miaka mingi baadaye mitaa ya Kinshasa ikazaa neno shege, nalo likatufikia. Asili yake inabishaniwa sana. Wengine husema latokana na Che Guevara. Mtu huyo twamjua huku Kivu ya Kusini: Aprili 1965 alivuka ziwa Tanganyika toka Kigoma, akakaa na waasi katika milima ya Fizi, akajiita Tatu kwa Kiswahili chetu, akaondoka Novemba. (Lakini neno halikuzaliwa Fizi, basi tusijivune.) Wengine hutaja Schengen, kijiji cha Luxembourg ulipotiwa sahihi mkataba wa mwaka 1985 wa kuondoa ukaguzi mipakani: barabarani nako mtoto haulizwi hati. Tena katika Kihausa shege ni mwanaharamu. Hatukati shauri juu ya asili. Ila twaona kwamba maana ya Kihausa ndiyo inayotenda kazi, maana anayeitwa shege huhesabiwa kuwa hana baba wala nyumba. Hali yake ni ile ile ya maibobo wa Bukavu na Goma. Mtukutu alikuwa na kwao, maibobo amenyimwa.

Neno kadogo lilianza kwa upendo. Ni mdogo wetu, kisha likapewa bunduki. Oktoba 1996 vita vya AFDL vilipita katika bonde letu la Ruzizi, kutoka Uvira mpaka Bukavu, na wavulana wenye viatu vya mpira wakafuata jeshi la Laurent-Désiré Kabila hadi Kinshasa, Mei 1997. Waliporudi walihesabiwa wakorofi na watu wale wale waliowapigia makofi njiani. Walio hai leo ni watu wazima, wenye watoto wao.

Lakini neno baya kuliko yote ni ndoki, yaani mchawi. Mtoto akikojoa kitandani, au akijibu kwa ukali, au baba akifukuzwa kazi, neno hilo hutafutwa, na mara nyingi mtoto mwenyewe ni yatima. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009, iliyoiondoa ile amri ya 1950, yaweka adhabu ya kifungo katika kifungu cha 160. Mzazi akimleta mtoto wake katika mafundisho ya dini kwa jina hilo, twamsomea kifungu hicho kwanza, ndipo tunamwuliza mtoto jina lake la ubatizo.