Bwawa bila kesi, kesi bila bwawa

Ukisimama Moiben ukaelekeza macho mashariki, mashamba ya mahindi na ngano yanapanda polepole hadi ukingo wa Elgeyo, kisha ardhi inakatika ghafla na Bonde la Kerio linafunguka chini yako. Kaskazini, milima ya Cherangany imekaa kama paa la nyumba. Mvua ikinyesha upande huu inaingia Mto Moiben, inajaza bwawa la Chebara linalowapa maji wakazi wa Eldoret, na inayobaki inafuata Nzoia hadi Ziwa Victoria. Ikinyesha upande wa pili inaingia Mto Arror, inashuka Kerio na kuishia Ziwa Turkana. Upande wetu una bwawa. Upande wa pili una faili ya kesi.

Faili hiyo ilifunguliwa hadharani Jumatatu, 22 Julai 2019. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma wa wakati huo, Noordin Haji, aliitisha wanahabari na kutangaza kwamba ameidhinisha kukamatwa kwa watu 28 kuhusiana na mabwawa ya Arror na Kimwarer, kaunti ya Elgeyo Marakwet. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Henry Rotich, Waziri wa Fedha, mzaliwa wa kaunti hiyo hiyo. Walikuwemo pia Katibu wa Wizara ya Fedha, Kamau Thugge, katibu mwenzake Susan Koech, na David Kimosop, mkurugenzi wa Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Kerio, inayojulikana na kila mtu Eldoret kwa herufi zake nne: KVDA. Kesho yake Rotich alisimama kizimbani Milimani, Nairobi, akakanusha mashtaka na kuachiliwa kwa dhamana. Siku iliyofuata Ukur Yatani alikuwa ameshakalia kiti chake. Kenya ilikuwa haijawahi kumshtaki waziri wa fedha akiwa bado ofisini.

Ili kuelewa uzito wa siku ile, inafaa kurudi nyuma miaka 33, kwa mamlaka hiyo hiyo na bwawa jingine.

KVDA iliundwa na Bunge mwaka 1979, mwaka mmoja baada ya Daniel arap Moi, mtu wa Baringo, kuingia Ikulu. Kazi kubwa ya kwanza ya mamlaka hiyo ilikuwa bwawa la Turkwel, mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana. Mwaka 1986 kandarasi ilitolewa kwa kampuni ya Kifaransa, Spie Batignolles, bila zabuni ya ushindani. Mwakilishi wa Jumuiya ya Ulaya jijini Nairobi, Achim Kratz, aliandika waraka wa ndani akilalamika kwamba bei ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile ambayo Kenya ingelipa kama kampuni zingeshindanishwa. Waraka ulivuja, ukafika kwenye gazeti la Financial Times la London. Ulimwengu ukasoma. Wakenya wachache wenye pesa za kununua magazeti ya nje wakasoma pia.

Na kukaishia hapo. Hakuna aliyekamatwa wala kuitwa kuandikisha taarifa. Ukuta wa mita 153 ulisimama, ukakamilika mwaka 1991, na mitambo ya megawati 106 ikawashwa, ingawa ziwa lenyewe lilichukua miaka mingi sana bila kujaa. Turkwel ilikuwa ghali, lakini ipo. Ukienda utaiona.

Swali la kwa nini hakuna aliyeshtakiwa lina jibu la kisheria pamoja na lile la kisiasa ambalo kila mtu analijua. Serikali ya kikoloni ilikuwa inanunua vitu vyake vingi kupitia Crown Agents wa London. Baada ya uhuru kazi hiyo ikaingia mikononi mwa Wizara ya Fedha na Bodi Kuu ya Zabuni, na mwongozo wao ulikuwa nyaraka za wizara, yaani barua za maagizo kutoka kwa mkubwa mmoja kwenda kwa wadogo zake. Aliyevunja waraka alikuwa amemkosea bosi wake. Kumfikisha kortini kwa hilo ilikuwa taabu. Sheria ya kuzuia ufisadi ilikuwepo tangu 1956, ila ilimlenga mla rushwa, yule aliyepokea bahasha. Aliyesaini mkataba mbovu bila bahasha kuonekana hakuguswa. Na mwenye mamlaka ya kushtaki alikuwa Mwanasheria Mkuu, aliyeteuliwa na rais.

Mwaka 1997 iliundwa mamlaka maalumu ya kupambana na ufisadi, KACA. Desemba 2000 Mahakama Kuu, katika kesi ya Gachiengo, iliamua kwamba KACA haina uwezo wa kushtaki kwa sababu Katiba ilimpa kazi hiyo Mwanasheria Mkuu peke yake. Mamlaka ikafa. Walioogopa wakapumua.

Kisha ikaja serikali ya Mwai Kibaki na sheria ya 2003 ya ufisadi na uhalifu wa kiuchumi. Hiyo ndiyo iliyobadilisha mchezo, angalau kwenye karatasi. Kifungu cha 45 kinasema afisa anayekiuka kwa makusudi au kwa kutojali taratibu za ununuzi, au anayeingiza serikali kwenye mradi bila mipango ya awali, ametenda kosa la jinai. Huhitaji kuonyesha bahasha. Mwaka 2005 sheria kamili ya ununuzi wa umma ikapitishwa, na ile inayotumika sasa ni ya 2015.

Ajabu ni kwamba serikali iliyoleta sheria hiyo ilikuwa tayari imekwishaanza kuikanyaga. Katika sakata ya Anglo Leasing, mtambo wa kutengeneza pasipoti ambao kampuni ya Kifaransa ilikuwa tayari kuuza kwa yuro milioni 6 uliandikiwa mkataba wa yuro milioni 30 na kampuni ambayo haikuwa na ofisi ya kueleweka. Aliyefichua, John Githongo, alikuwa katibu wa maadili ndani ya Ikulu yenyewe. Februari 2005 alijiuzulu akiwa London kwa kuhofia maisha yake. Waziri wa Fedha David Mwiraria alijiuzulu 2006. Alishtakiwa 2015, na akafariki 2017 kabla ya hukumu. Miaka kumi na zaidi baina ya kosa linalodaiwa na hukumu ni muda wa kutosha kwa mashahidi kusahau na washtakiwa kufa.

Sasa turudi Kerio. Watu wa huko hawakuanza kufikiria maji juzi. Wamarakwet wamekuwa wakichonga mifereji kwenye majabali ya ukingo kwa karne nyingi, mingine ikivuka makorongo juu ya magogo, wakiyachukua maji ya mito kama Arror na kuyashusha hadi mashamba ya bondeni. Kila ukoo una zamu yake na wazee husimamia. Anayefungulia maji nje ya zamu hutozwa faini. Kwa hiyo wazo la bwawa la kunywesha bonde na kutoa umeme halikuwa la kipuuzi. Lilihitajika, na bado linahitajika.

Mikataba ya Arror na Kimwarer ilisainiwa 2017. Mwanakandarasi alikuwa CMC di Ravenna ya Italia, chama cha ushirika kilichoanzishwa 1901, pamoja na mshirika wake Itinera. Pesa zingetoka hasa benki za Italia, bima ingetoka SACE, shirika la serikali ya Italia. Yaani mjenzi, mkopeshaji mkubwa na mwenye bima walitoka nchi moja, na mlipaji alikuwa wewe. Haji alidai kwamba mabwawa yote mawili yangegharimu dola milioni 450, kama shilingi bilioni 46, lakini wizara ikakopa dola milioni 164 zaidi. Jumla ikawa karibu bilioni 63. Bima peke yake ililipiwa bilioni 11 na ushee. Malipo ya awali yalikuwa kama bilioni 7.8, yaliyotolewa kabla ya ardhi kupatikana.

Desemba 2018 CMC iliomba kinga ya mahakama ya kwao dhidi ya wanaoidai. Mapema 2019 Idara ya Upelelezi ilianza kuwaita wakurugenzi wa kampuni 107 zilizolipwa kwa kuuzia mradi bidhaa, na orodha ya bidhaa zenyewe ndiyo iliyowakera Wakenya kuliko mabilioni. Kulikuwa na taulo na mvinyo, kwa ajili ya bwawa ambalo halijachimbwa. Bilioni 63 haziingii akilini mwa mtu anayeuza gunia la mahindi la kilo 90. Taulo anaijua bei yake.

William Ruto, akiwa Naibu Rais, alisema pesa zilizotoka hazikufika bilioni 21 zilizokuwa zikitajwa, bali saba tu, tena zenye dhamana ya benki. Hiyo "saba tu" ilimfuata mpaka kampeni za 2022. Viongozi wengi wa Bonde la Ufa nao walisema kesi ilikuwa njama ya kumpunguzia Ruto marafiki serikalini. Septemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alifutilia mbali Kimwarer baada ya kamati ya wataalamu kubaini kwamba upembuzi yakinifu pekee uliokuwepo ulikuwa wa miaka 28 nyuma, na ulikuwa umeonyesha ufa wa kijiolojia kwenye eneo la mradi. Arror iliachwa hai, kwa kupunguzwa.

Na kesi? Hapa ndipo inapouma. Ilijikokota miaka minne. Thugge na Koech waliondolewa kwenye mashtaka wakawa mashahidi wa serikali. Thugge aliapishwa kuwa Gavana wa Benki Kuu mwaka 2023. Haji mwenyewe alihamia ujasusi mwaka huo huo. Mashahidi wa upande wa mashtaka walipoitwa, wengi wao walijitambulisha, kisha mwendesha mashtaka akaiambia korti hana swali kwao. Walishuka kizimbani wakaenda zao. Tarehe 14 Desemba 2023 Hakimu Mkuu Eunice Nyutu aliwaachilia Rotich na wenzake wanane, akisema hawana kesi ya kujibu, na akaukaripia vikali upande wa mashtaka kwa namna ulivyoitupa kesi yake wenyewe. Mwanzoni mwa 2024 Rotich aliteuliwa mshauri wa masuala ya bajeti katika ofisi ya Rais Ruto. Serikali ilikuwa imeshatangaza maafikiano na Italia ya kuyafufua mabwawa.

Rotich hana hatia mbele ya sheria, na anayeandika kinyume anakosea. Lakini mwananchi hakupata majibu, maana maswali mengi hayakuulizwa.

Je, mkubwa hawezi kabisa kuhukumiwa pande hizi? Anaweza. Julai 2015 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani mawaziri wawili wa zamani, Basil Mramba wa Fedha na Daniel Yona wa Nishati na Madini, kwa kutumia madaraka vibaya katika mkataba wa kampuni ya Alex Stewart iliyoajiriwa kukagua dhahabu, na msamaha wa kodi ulioisababishia serikali hasara ya shilingi za Tanzania bilioni 11.7. Walifungwa miaka mitatu, rufaa ikaipunguza kuwa miwili, na mwaka 2016 wakabadilishiwa kuwa huduma kwa jamii. Waziri wa fedha wa zamani akawa anafanya usafi katika hospitali ya Sinza Palestina. Kwangu mimi hiyo inatosha kuliko vifungo virefu ambavyo hufutwa kwenye rufaa.

Hapa Kenya, Agosti 2024, gavana wa zamani wa Samburu Moses Lenolkulal alitiwa hatiani kwa kuiuzia kaunti yake mafuta kutoka kituo chake mwenyewe. Februari 2025 ikawa zamu ya Ferdinand Waititu wa Kiambu, kwa zabuni ya barabara ya milioni 588: faini ya milioni 53.5 au miaka 12 jela. Tazama kinachofanana. Katika kesi hizo mbili wapelelezi walizifuata pesa kutoka akaunti ya kaunti hadi mfukoni mwa mshtakiwa, na mashahidi wakaulizwa maswali. Kesi ya mabwawa ilijengwa juu ya taratibu zilizorukwa na mikopo iliyozidishwa, mambo ambayo hayajisemei yenyewe. Yanahitaji mhasibu na mhandisi wakae kizimbani siku nzima wakieleza. Bila hivyo, kifungu cha 45 ni karatasi.

Katiba ya 2010 ilimtoa mshtaki chini ya kwapa la Mwanasheria Mkuu na kumpa uhuru wake. Tena iliweka kizuizi: kifungu cha 157 kinamkataza kuondoa kesi bila idhini ya korti. Waandishi wake hawakufikiria kwamba anaweza kuiacha kesi iendelee huku akikaa kimya. Wabunge wa Moiben, Marakwet na Keiyo wanaweza kuziba tundu hilo kwa kifungu kifupi: upande wa mashtaka ukimshusha shahidi bila kumuuliza, utoe sababu kwa maandishi, na sababu hizo ziwekwe wazi. Ninyi mliopaza sauti 2019 kwamba kesi ile ilikuwa siasa tupu, pelekeni mswada huo Bungeni, kwa sababu utamlinda pia aliyeshtakiwa bure.