Gavana Mlangoni: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Mei 1963, mjini Birmingham, polisi waliwaachia mbwa vijana weusi walioandamana na kuwamiminia maji ya zimamoto. Sasa mahakama imeamuru Chuo Kikuu cha Alabama kiwapokee wanafunzi wawili weusi, Vivian Malone na James Hood. Gavana wa Alabama, George Wallace, ameapa kuuziba mlango yeye mwenyewe.

SASA ENDELEA...

Jumanne, Juni 11, saa tano kasorobo asubuhi. Tuscaloosa, mji wa chuo hicho, ilikuwa inachemka kwa joto. Wallace alikuwa kivulini, mlangoni pa ukumbi wa Foster, kipaza sauti kimening'inia shingoni, kamera za televisheni mbele yake.

Mfupi huyo alikuwa bondia ujanani, na kushindwa kulimkera. Mwaka 1958 aligombea ugavana akiungwa mkono na NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Akabwagwa na mgombea aliyeungwa mkono na Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi weupe. Toka hapo akageuza kibao. Chuki ndiyo iliyokuwa na kura, akaifuata.

Msafara wa magari ukasimama. Vivian na James, wote wa miaka 20, wakaambiwa wabaki garini. Akashuka Nicholas Katzenbach, naibu mwanasheria mkuu wa Marekani, mkononi ana tangazo la Rais Kennedy. Akasimama juani, jasho likimtiririka, akamtaka gavana apishe.

Wallace akamkatiza. Akachomoa karatasi, akasoma hotuba yake kuhusu haki za jimbo mpaka mwisho. Katzenbach akarudia ombi lake. Gavana akainua kidevu, kimya, kama hakusikia.

Je, msafara uligeuza? Haukugeuza! Katzenbach alirudi garini, akamchukua Vivian, wakatembea kwa miguu hadi bweni la wasichana. Ufunguo wa chumba walikuwa nao tayari. James naye akapelekwa bwenini kwake. Gavana alikuwa bado analinda ukumbi wa kujiandikishia, na wageni aliowazuia wameshapata vitanda chuoni.

Kule Washington, Kennedy akatia saini amri: Walinzi wa Taifa wa Alabama, waliokuwa chini ya gavana asubuhi ile, sasa walikuwa chini ya rais.

Saa tisa na nusu alasiri, malori ya jeshi yakaingia chuoni. Akashuka Jenerali Henry Graham, mkazi wa Birmingham, na askari wanne nyuma yake. Wallace alikuwa amerudi mlangoni. Jenerali akatembea moja kwa moja hadi mbele yake, akapiga saluti, akafungua kinywa.

Je, gavana atapisha, au atakamatwa na jeshi lililokuwa lake asubuhi? Na ni nani atakayepigwa risasi nje ya nyumba yake kule Mississippi kabla hakujapambazuka?

Usikose Sehemu ya Nne, Jumamosi ijayo.