Meno ya utoto hung'oka, lakini yasiachwe yakaoza

"Ni meno ya utoto, yatang'oka tu." Ndivyo wazazi wengi husema mtoto anapolalamika jino. Lakini meno hayo 20, yanayoanza kuota akiwa na miezi 6 hivi, ndiyo anayotafunia na kutamkia maneno, na ndiyo yanayoyashikia nafasi meno ya ukubwani. Mengine hukaa hadi miaka 12. Yakioza mapema, mtoto hukosa usingizi, hula kwa shida na hukosa shule.

Jino huozaje?

Bakteria walio kinywani hula sukari na kutoa asidi inayolainisha gamba la jino. Mate hulirekebisha gamba hilo polepole, yakipewa muda. Mtoto anayekula kashata mara moja baada ya chakula huyapa muda huo. Anayeshinda akimumunya mabuyu na kunywa soda kidogo kidogo, meno yake hayapumziki. Usiku mate hupungua, ndiyo maana kumlaza mtoto na chupa ya chai au maziwa ya sukari ni hatari.

Mazoea ya kila siku

- Anza kumpiga mswaki jino la kwanza linapochomoza: mara mbili kwa siku, dakika mbili. Wa kabla ya kulala usikosekane, na baada yake iwe maji tu.
- Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya mbaazi. Ateme povu, asisukutue kwa maji.
- Msaidie hadi miaka 7 au 8. Peke yake hawezi kuyasugua vizuri magego ya nyuma.
- Vitu vitamu viliwe pamoja na mlo. Kiu ikatwe kwa maji.

Mchunguze

Kila wiki, inua mdomo wake wa juu utazame. Madoa meupe kama chaki karibu na ufizi ni dalili ya mwanzo, na hapo uozo bado waweza kuzuiwa. Ukiona rangi ya kahawia au tundu, mpeleke kwa daktari wa meno, usingoje maumivu.

Akifika miaka 6 hivi, tazama pia nyuma kabisa. Gego linaloota hapo bila jino lolote kung'oka wengi hulidhani la utoto. Hilo ni la kudumu. Likiharibika, halioti jingine.