Wasio na Kaburi

Katika furaha ya jubilei tuwakumbuke vijana wetu waliotoka Kilindini mwezi wa Februari 1944 katika merikebu Khedive Ismail, mabaharia pamoja na askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Merikebu tano zilikwenda msafara mmoja kuelekea Colombo, zikilindwa na manowari. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga. Ikazama kwa dakika chache. Adui alijificha chini ya waliokuwa wakiogelea, na mabomu ya kumwangamiza yaliwaua wao pia. Walikufa karibu watu 1,300.

Majina ya askari yamechorwa Nairobi, kaburi hawana. Walimu, wafundisheni watoto kuwaombea, maana siku ya ufufuo bahari haitamzuia hata mmoja.