Dawa ya Moto Ndani ya Tumbo: Historia Yake na Hatari Zake

Wazee husema: Dawa ya moto ni moto. Leo nataka kuwaeleza habari ya waganga walioyafuata maneno hayo kwa kweli, katika vita yao na kansa. Wako waliosikia kwamba huko Ulaya mgonjwa hupasuliwa, kisha tumbo lake huoshwa kwa dawa yenye joto kali. Nao wauliza: Je, mtu huyo apona, au aumizwa bure? Tutazame historia.

Kwanza tujue shida yenyewe. Ndani ya tumbo mna ngozi nyembamba inayofunika matumbo. Kansa ya utumbo mnene, au ya vifuko vya mayai ya mwanamke, ikitawanya mbegu zake juu ya ngozi hiyo, kisu hakiwezi kuziondoa zote, kwa maana nyingine hazionekani kwa macho. Tena dawa ipitayo katika mishipa ya damu huzifikia kwa shida.

Habari ya joto ni ya zamani. Mwaka wa 1866 mganga Mjerumani, Wilhelm Busch, aliandika juu ya mgonjwa mwenye uvimbe wa kansa usoni. Mtu huyo alishikwa na ugonjwa wa ngozi wenye homa kali, na uvimbe ule ukanywea. Tangu hapo waganga walijiuliza kama joto laweza kuishinda kansa.

Mwaka wa 1979, mjini Louisville katika Marekani, John Spratt na wenzake walimtibu mtu wa miaka 35 kwa dawa iliyopashwa moto na kuzungushwa tumboni kwa mashine. Lakini walikuwa wamekwisha kuijaribu mashine hiyo kwa mbwa. Baadaye Paul Sugarbaker wa Washington alifundisha njia kamili: kwanza kukata kansa yote ionekanayo, kazi ya saa nyingi, kisha kuosha tumbo kwa dawa ya digrii 41 hadi 43, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu.

Je, faida yake ilikuwa nini, na bei yake? Mwaka wa 2003 Waholanzi walitoa hesabu ya wagonjwa 105 wa kansa ya utumbo. Kati ya waliotibiwa kwa njia ya kawaida, nusu waliishi kupita miezi 12. Kati ya waliopasuliwa na kuoshwa kwa dawa ya moto, nusu walipita miezi 22. Lakini katika hao wa pili, kadiri ya 8 kwa 100 walikufa kwa sababu ya matibabu yenyewe. Mishono ya utumbo yaweza kuvuja, damu yaweza kutoka sana, chembe nyeupe za damu hupungua, na dawa ya sisplatini huumiza figo.

Basi waganga walijifunza kuwa na kipimo. Huchagua wagonjwa wenye nguvu ya kutosha. Hupima joto la mwili wakati wote wa kazi, na kuupoza ukizidi. Humpa mgonjwa maji mengi kwa mshipa, na dawa ya kukinga figo. Baada ya kupasuliwa humlinda usiku na mchana kwa siku kadhaa. Hata wauguzi hujikinga kwa mipira ya mikono, maana mkojo wa mgonjwa una mabaki ya dawa.

Mwaka wa 2018 Waholanzi walitoa hesabu nyingine, ya wanawake 245 wenye kansa ya vifuko vya mayai. Wote walipasuliwa. Wasiooshwa kwa dawa ya moto, nusu waliishi kupita miezi 33. Waliooshwa, nusu walipita miezi 45. Tena taabu kali zilikaribiana: 25 kwa 100 na 27 kwa 100.

Lakini hesabu ya Wafaransa, iliyotolewa mwaka wa 2021, ilituliza furaha. Wagonjwa 265 wa kansa ya utumbo walipasuliwa wote, na nusu yao tu wakaongezewa dawa ya moto iitwayo oksaliplatini, kwa dakika 30. Pande zote mbili, nusu waliishi kupita miezi 41. Dawa ya moto haikuwaongezea maisha. Na ilipofika siku ya 60, taabu kali zilikuwa 26 kwa 100 kwa walioongezewa, na 15 kwa 100 kwa wengine. Hivyo ilionekana kwamba kwa kansa ile, sifa iliyopewa moto, sehemu kubwa ilikuwa ya kisu.

Ndugu, tusiikatae dawa hii kwa hofu, wala tusiikimbilie kwa sababu ni mpya. Mgonjwa na jamaa zake wana haki ya kumwuliza mganga: Kansa hii ni ya aina gani? Yote ionekanayo yaweza kuondolewa? Figo zina nguvu? Nani atamlinda mgonjwa baadaye? Mganga mwema hatachukizwa na maswali hayo; wenzake waliyauliza kwa miaka zaidi ya 40.