Ada ya mwaka ya kadi ya mkopo: historia na hesabu yake

Mara moja kwa mwaka, mamilioni ya watu nchini Marekani, wakiwemo Waafrika Mashariki wanaoishi na kufanya kazi huko, hukuta katika taarifa ya kadi yao ya mkopo mstari mmoja usiohusu kitu chochote walichonunua. Mstari huo ni ada ya mwaka. Kwa kadi nyingi zenye kutoa zawadi ni dola 95 au karibu na hapo. Kwa kadi za ngazi ya juu, tangu mwaka 2025, imekaribia dola 900.

Swali wanalojiuliza ni lile lile: je, pointi, maili za ndege na marupurupu mengine yanayoambatana na kadi hiyo yanatosha kuifidia ada?

Jibu halipatikani katika matangazo ya benki. Sehemu kubwa yake imo katika historia ya ada yenyewe, ambayo ni ndefu kuliko historia ya pointi. Historia hiyo inaonyesha kwamba kila ada ilipoondolewa, gharama ilihamia mahali pengine, na iliporejea, ilirejea ikiwa imevishwa zawadi.

Kadi za aina mbili

Kampuni ya Diners Club ilianzishwa mjini New York mwaka 1950 na mfanyabiashara Frank McNamara pamoja na mwanasheria wake, Ralph Schneider. Mwanachama alionyesha kadi mkahawani, akala, kisha akalipa deni lake lote mwishoni mwa mwezi. Kampuni ilipata fedha kutoka pande mbili: mkahawa ulikatwa asilimia 7 ya bili, na baada ya muda mfupi mwanachama naye alianza kutozwa dola chache kwa mwaka.

Tarehe 1 Oktoba 1958, kampuni ya American Express ilitoa kadi yake. Ada ilikuwa dola 6, yaani dola moja zaidi ya ile ya Diners Club, na tofauti hiyo iliwekwa kwa makusudi. Kampuni ilitaka kadi yake ionekane kuwa ya hadhi ya juu kuliko ya mshindani wake. Tangu mapema kabisa, basi, ada ilikuwa bei na pia alama ya heshima, na baadhi ya watu waliilipa kwa sababu hiyo ya pili.

Wiki mbili hivi kabla ya hapo, katika mji wa Fresno, California, Bank of America ilikuwa imewapelekea wakazi wapatao 60,000 kadi ambazo hawakuziomba. Kadi hiyo, BankAmericard, ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Haikuwa na ada ya mwaka. Mteja aliruhusiwa kulipa sehemu tu ya deni na kubakiza sehemu nyingine, na benki ilitegemea riba ya deni hilo lililobaki.

Hivyo, kufikia mwisho wa mwaka 1958 Wamarekani walikuwa na kadi za aina mbili. Moja iliuzwa kwa ada, nyingine kwa riba. Mashindano ya aina hizo mbili ndiyo yaliyojaza miaka iliyofuata.

Kesi ya dola 10

Katika miaka ya 1970 majimbo mengi ya Marekani yaliweka kikomo cha riba. Katika jimbo la Minnesota kikomo kilikuwa asilimia 12. Benki ya Marquette ya mjini Minneapolis ilisema kwamba kwa riba hiyo haikuweza kuendesha biashara ya kadi bila kumtoza mteja ada ya dola 10 kwa mwaka.

Mshindani wake, First of Omaha ya jimbo la Nebraska, iliruhusiwa na sheria za kwao kutoza hadi asilimia 18. Ikawa inawapelekea wakazi wa Minnesota kadi zake bila ada yoyote. Wateja wa Marquette walianza kuhama, nayo ikaenda mahakamani.

Mwezi Desemba 1978, majaji wote wa Mahakama Kuu ya Marekani waliamua kwamba benki ya taifa inaweza kutoza riba ya jimbo iliko makao yake, hata kama mteja anaishi kwingine. Baada ya hukumu hiyo, Citibank ilihamishia biashara yake ya kadi katika jimbo la South Dakota, na benki nyingine zikaelekea Delaware, ambako vikomo vya riba vililegezwa.

Kwa anayetaka kuielewa ada ya mwaka, kesi ya Marquette ni somo lililo wazi. Ada na riba zilikuwa njia mbili za kulipia huduma ile ile. Aliyekimbia dola 10 za Minneapolis alikwenda kukutana na asilimia 18 za Omaha. Kama alikuwa akimaliza deni lake kila mwezi, alipata faida. Kama hakuwa akilimaliza, huenda alilipa zaidi ya zile dola 10 alizokwepa.

Ada yaenea, kisha yapingwa

Tarehe 14 Machi 1980, Rais Jimmy Carter alitangaza hatua za kubana mikopo ili kupambana na mfumuko wa bei. Benki, ambazo wakati huo zenyewe zilikuwa zikikopa fedha kwa riba kubwa, zilitumia nafasi hiyo kuweka ada za mwaka kwenye kadi ambazo hadi hapo zilikuwa bure. Hatua za Carter ziliondolewa miezi michache baadaye. Ada zilibaki.

Lakini mteja anayetozwa kwa kitu alichokizoea bure hutafuta sababu ya kuendelea nacho, na sababu hiyo ilitoka angani. Mwezi Mei 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wake wa maili, AAdvantage, uliomzawadia msafiri wa mara kwa mara. Mwaka 1987 Citibank iliunganisha kadi yake na mpango huo, na mtu akaweza kukusanya maili akiwa sokoni, bila kupanda ndege.

Wakati huo huo wapinzani wa ada hawakulala. Mwaka 1986 kampuni ya maduka ya Sears ilieneza nchi nzima kadi ya Discover, isiyo na ada, iliyomrudishia mteja hadi asilimia moja ya fedha alizotumia. Mwaka 1990 kampuni ya simu ya AT&T ilitoa kadi iliyoahidi kwamba watakaojiunga mwanzoni hawatatozwa ada maisha yao yote. Benki nyingi zililazimika kufuta ada zao, na waliotaka kuendelea kuitoza walilazimika kuipamba. American Express ilianzisha mpango wake wa pointi mwaka 1991.

Nani hulipia pointi?

Mwaka huo huo wa 1991, wenye mikahawa wa mji wa Boston waliigomea American Express. Malalamiko yao yalikuwa kwamba kampuni hiyo iliwakata fedha nyingi kuliko kadi nyingine. Mgomo wao ulifichua kile ambacho mwenye kadi hakioni: kila anapolipa kwa kadi, muuzaji hukatwa sehemu ya fedha hizo, na kutoka katika makato hayo hupatikana sehemu kubwa ya zawadi.

Muuzaji naye huyaingiza makato hayo katika bei. Na bei ya mkate ni moja kwa anayelipa kwa kadi ya dhahabu na kwa anayelipa kwa noti. Mwaka 2010, wachumi wa tawi la Boston la benki kuu ya Marekani walikadiria kwamba, kwa mpango huo, kaya zenye kipato cha chini zilipoteza wastani wa dola 21 kwa mwaka, ilhali kaya zenye kipato cha juu kabisa zilipata dola 750.

Nchi nyingine ziliamua kuyapunguza makato. Australia ilifanya hivyo mwaka 2003, na matokeo yakaonekana: thamani ya pointi ilishuka na ada za mwaka zikapanda. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo mwaka 2015, wakati Uingereza ikiwa bado mwanachama. Ndiyo maana Mswahili anayeishi London hukuta zawadi za kadi za kawaida ni hafifu kuliko zile anazosimuliwa na ndugu yake aliyeko Marekani.

Kutoka dola 450 hadi 895

Mwezi Agosti 2016 benki ya Chase ilitoa kadi ya Sapphire Reserve kwa ada ya dola 450. Mteja mpya aliyetimiza masharti alipewa pointi 100,000, na kila mwaka alirudishiwa dola 300 za gharama za safari. Maombi yalikuwa mengi kiasi kwamba benki iliishiwa na chuma cha kutengenezea kadi.

Zawadi ile kubwa ya kujiunga haikudumu muda mrefu, lakini ada iliendelea kupanda. Ilifika dola 550 mwaka 2020, na dola 795 mwaka 2025. Mwaka huo huo kadi ya Platinum ya American Express, ambayo ilianza mwaka 1984 kwa dola 250, ilipandishwa hadi dola 895. Kila ongezeko lilikuja na orodha ndefu zaidi ya marupurupu: punguzo kwenye hoteli fulani, fedha za teksi zinazogawanywa mwezi kwa mwezi, kumbi za mapumziko kwenye viwanja vya ndege. Asiyeyatumia kwa wakati huyapoteza.

Hesabu ya kufanya nyumbani

Baada ya historia hiyo, hesabu yenyewe si ngumu. Kwanza, ada isilinganishwe na sifuri, bali na kadi isiyo na ada. Kama kadi ya dola 95 inarudisha asilimia 2 na kadi ya bure inarudisha asilimia moja, faida ya ile ya kwanza ni asilimia moja tu. Mwenye kadi atahitaji kutumia dola 9,500 kwa mwaka ili arudishe ada, kabla ya kuanza kupata faida. Kama kadi ya bure inarudisha asilimia moja na nusu, kiwango hicho kinapanda hadi dola 19,000.

Pili, marupurupu yahesabiwe kwa bei ambayo mtu angelipa kwa hiari yake. Punguzo la dola 200 kwenye hoteli ambayo familia isingelala halina thamani ya dola 200. Na zawadi ya kujiunga ihesabiwe mara moja tu, kwani ada hurudi kila mwaka.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni deni. Mwaka 2024 wastani wa riba ya kadi nchini Marekani ulizidi asilimia 20. Anayebeba deni la dola 2,000 mwaka mzima kwa asilimia 21 hulipa riba ya dola 420. Ili pointi za asilimia 2 zifidie riba hiyo, atalazimika kununua bidhaa za dola 21,000. Kwake yeye swali la ada bado halijafika. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na hakuna pointi zinazoishinda dawa hiyo.

Kwa wanaotuma fedha nyumbani ipo tahadhari nyingine. Benki nyingi huhesabu malipo kwa kampuni za kutuma fedha kuwa sawa na kuchukua taslimu: hayaleti pointi, hutozwa ada yake, na riba huanza siku ile ile. Kwa upande mwingine, anayesafiri kila mwaka kwenda Dar es Salaam au Mombasa anaweza kunufaika na kadi isiyotoza ile asilimia 3 ambayo kadi nyingi hutoza kwa ununuzi wa ng'ambo. Lakini zipo kadi zisizo na ada ya mwaka zinazotoa unafuu huo huo.

Nchini Uingereza, sheria hutaka ada ya mwaka iingizwe katika asilimia ya gharama ya mkopo inayotangazwa, ndiyo maana kadi zenye ada huonekana kuwa na asilimia za kutisha. Nchini Oman na kwingineko katika Ghuba, benki zinazofuata sharia ya Kiislamu hazitozi riba, na badala yake kadi zao hutegemea ada iliyotajwa wazi. Huko mteja huiona bei tangu mwanzo, na anaweza kuikubali au kuikataa.

Ada ya mwaka, kwa hiyo, si adui wala si alama ya ufanisi. Ni sehemu ya gharama inayoonekana. Mwenye kadi anayelipa deni lake lote kila mwezi, ambaye manunuzi yake ya kawaida yanavuka kiwango kile cha kurudisha ada, ana sababu ya kuilipa. Mwingine ana haki ya kuipigia benki simu kabla ya mwaka mpya wa kadi kuanza na kuomba abadilishiwe, apewe ile isiyo na ada. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la kadi ya mkopo hujazwa kwa taarifa za miezi kumi na miwili iliyopita, si kwa ahadi za mwaka unaokuja.